Kiota Mbele ya Ukuta

Watu hudhani kuwafundisha watu wazima habari za viumbe ni kazi ya raha. Unatembea ufuoni, unaonyesha kaa na ndege, unapigwa picha, kisha unarudi nyumbani na mchanga viatuni. Mimi nimeifanya kazi hiyo hapa Malindi miaka mingi, kila Jumamosi asubuhi, na mara nyingi nimerudi nyumbani nimenuna. Wazazi huja na watoto wao, huniuliza kama kuna soda, kisha huniuliza nyama ya kasa ina ladha gani. Nimezoea kuyajibu maswali yote mawili kwa uso uleule.

Upande wetu wa ufuo ulikuwa umebaki kipande kimoja tu kisicho na ukuta. Kushoto hoteli, kulia majumba ya wageni wanaokuja likizo, na katikati uwazi mwembamba wenye mivinje michache. Kasa jike akiwa na mayai hurudi kutaga karibu na pale alipozaliwa, na akikuta ukuta hana la kufanya. Nimeziona alama za mapezi yake zikipanda kutoka majini, zikifika kwenye mawe, zikipinda na kurudi zilikotoka. Hizo nazo niliwaonyesha wanafunzi wangu. Baba mmoja akasema labda huyo kasa alipotea njia, na wenzake wakacheka.

Kisha mwenye kile kiwanja kilichobaki naye akaanza kujenga. Mivinje ilikatwa kwanza. Mafundi walikuwa wanachimba msingi kutoka juu kuja chini, na asubuhi moja, kabla hawajafika upande wa bahari, tukakuta alama za kasa na kiota kipya palepale ukuta ulipopangwa kupita. Nilimwendea msimamizi wa ujenzi nikiwa nimejitayarisha kugombana. Akaninyima hata nafasi hiyo, maana alikuwa mtu mpole. Alimpigia tajiri wake simu mbele yangu, akanirudishia jibu: wangeendelea na nyumba, ukuta ungesubiri. Vitoto vya kasa vikitoka, uwazi ule ungeachwa hivyo hivyo daima, maana wageni hupenda kuona mambo kama hayo. Visipotoka, basi hapakuwa na cha kuachiwa, na ukuta ungeendelea.

"Mwalimu, omba Mungu vitoke," akaniambia. "Mimi ni mtu wa kutumwa."

Kikundi changu cha Jumamosi kilikichukua kile kiota kama mali yake. Wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja wa Jilore, mkulima tangu utotoni, aliyekuja kukaa kwa mwanawe, mtunza bustani katika majumba yale ya wageni, baada ya mvua kumnyima mavuno msimu baada ya msimu. Mara ya kwanza aliletwa na wajukuu wake. Mara ya pili yeye ndiye aliyewaleta. Alikuwa akitandika leso yake mbele kabisa na kunisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, na wiki ifuatayo angeweza kulirudia somo zima. Vijana waliokuwa wakifungulia mbwa ufuoni aliwafokea mpaka wakahama. Mimi si mwepesi wa kufurahishwa na watu, lakini mama yule alinifurahisha. Kwa ajili yake nilianza hata kutengeneza masomo upya, nisirudie yale ya mwaka juzi.

Somo la joto nililitoa siku tulipokizungushia kiota wavu. Nikaeleza kwamba kasa haatamii. Akishataga huenda zake, na mchanga ndio unaoyalea mayai. Mchanga wenye joto hutoa majike, uliopoa hutoa madume, na joto likipita kiasi mayai hufia humo humo.

"Na mivinje washaikata," mama akasema. "Sasa kivuli watakipata wapi?"

"Hilo ndilo linaloniogopesha, mama."

Akaupapasa mchanga wa juu kwa kiganja. Siku hiyohiyo tulisimamisha kibanda kidogo cha makuti juu yake, nami nikatangaza kwamba kilichobaki ni kungoja.

Tukangoja. Jua la kaskazi lilikuwa kali, ardhi ya huku nyuma yote imepauka, hakuna tone lililoanguka. Kila nilipopita nilikuta wavu umekaa sawa, makuti yako mahali pake, hakuna alama ya kenge wala mbwa. Miezi miwili, muda wa mayai kuanguliwa, ilipotimia nilianza kulala vibaya. Ilipopita na wiki kadhaa juu yake, nilijua, ila sikutaka kujua. Msimamizi naye alinivumilia kupita nilivyostahili. Mwishowe akaniambia tajiri anamsukuma, na kwamba mafundi watauanza ukuta Jumamosi mchana.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikawaita wote tukifungue kiota. Familia zilikuja na nguo nzuri. Mama wa Jilore alikuja na wajukuu wake waliopakwa mafuta usoni, kama wanakwenda arusini.

Nilipiga magoti nikaanza kufukua kwa mkono. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu na unachoma. Mkono ulipozama hadi kwenye kiwiko, nikagusa unyevu. Nikasita. Maji ya bahari hayafiki pale hata bamvua likijaa. Nikatoa mchanga kidogo, nikauweka kwenye ncha ya ulimi. Haukuwa na chumvi.

Mayai yalikuwa pale yote, yamegeuka manjano, mengine yameota ukungu, mengine yamebonyea. Harufu ilitoka na watoto wakaziba pua. Nikapasua moja. Ndani mlikuwa na kasa aliyekamilika, na mapezi yake, na macho yake yaliyofumbwa, mdogo wa kutosha kulala kiganjani. Nikapasua la pili, la tatu. Walikuwa wamefika karibu kabisa na siku yao.

Mama akachuchumaa kando yangu, akatia mkono shimoni. Uso wake ukakunjuka kidogo.

"Lakini mchanga umepoa," akasema. "Si umepoa vizuri, mwanangu?"

"Umepoa, mama. Nani ametia maji?"

"Miye." Alilisema kwa fahari. "Tangu siku ile uliyotwambia habari za joto. Maji ya kisima, ndoo nzima kila asubuhi, nikiyamwaga polepole yazame, kama mtu anavyonywesha kitalu. Hata siku magoti yalipokuwa yakiniuma nilikuja. Wale mafundi walidhani umenituma weye."

Watu walinong'ona kwa kumsifu. Msimamizi, aliyekuwa amesimama pembeni ameshika kofia yake, akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, walimwona kila siku.

Kisha mama akaniuliza, akinitazama kama anavyonitazama kila Jumamosi, kichwa kimeinama upande:

"Sasa ni nini kilichowaua?"

Jibu nilikuwa nalo. Yai la kasa huvuta pumzi kupitia mchanga, na mchanga uliolowa kila siku haupitishi pumzi. Ni sentensi moja, mtoto wa chekechea angeielewa. Kazi yangu yote ya miaka hii ni kusema sentensi kama hizo. Niliitazama ile mikono yake yenye mchanga mpaka kwenye viwiko.

"Joto, mama," nikasema. "Joto limewazidi."

Sijutii. Nilikasirika tu, na hata leo sijui nilimkasirikia nani.

Tulivifukia upya vile vitoto. Mama alivua leso yake ya begani akalifunika shimo nayo kabla hatujarudisha mchanga, na hakuna aliyemwambia ni kasa tu. Alipoinuka alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Makiwa, mwalimu," akasema.

Na wengine wakafuata nyuma yake kwa mstari, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akinipa mkono na neno hilo tunalowapa wafiwa. Yule baba aliyecheka siku ile ya alama naye alinishika mkono, hakucheka. Miaka yote niliwataka waone kwamba kifo cha mnyama ni kifo. Siku walipoona, nilitamani wangecheka.

Mafundi waliwahi kuanza. Tulipokuwa tunapanda kurudi barabarani, nyuma yetu walikuwa tayari wanachanganya zege. Mama alitembea mbele yangu, anachechemea, wajukuu wakimshika kila mmoja upande wake. Nilimsikia akiwaeleza kwa sauti ya mtu anayerudia somo.

"Kosa ni letu, ndoo moja haikutosha. Mwakani akija tena, tutamwaga mbili."

Sikumsahihisha. Ukuta ukishasimama, hapangekuwa na mayai mengine ya kuharibiwa.