Nyasi za Msiba wa Shangazi Koku

Sogeeni hapa karibu, mzime hiyo redio, na anayetafuna amalize kwanza. Hili silisemi kwa kupigizana kelele.

Nilipokuwa mtoto kule Kituntu, mtu akifa, sakafu ilitandikwa nyasi mbichi, na majirani wakaja kuzikalia mpaka matanga yaanuliwe. Bibi, mama yake baba, alituonya: anayekataa kukalia nyasi za msiba wa jirani, nyasi zitamfuata kwake. Tuliamini. Machoni mwetu zilikuwa na miguu kabisa.

Shangazi Koku alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Kemilembe. Mumewe alivusha kahawa ya magendo kwenda Uganda, akarudi anakonda mpaka akafa. Watu wakasema aliwadhulumu wa ng'ambo, wakamroga yeye na kila atakayegusa mali yake. Shangazi naye alipoanza kukonda, kanisa likaongeza lake: ni uzinzi, atengwe. Koku huyo! Aliyefagia kanisa hilo kila Jumamosi!

Alimwomba bibi jambo moja tu: "Mama, wasinifukie kimyakimya kama mbwa. Waniimbie."

Akafa. Bibi akatandika nyasi, tukangoja. Hakuja mtu ila mzee wa kanisa, naye akasimamia mbali, migombani.

"Shikamoo, mama."

Bibi akaendelea kusawazisha nyasi.

"Kanisa limekaa kikao, mama. Alitengwa. Hakuna kengele, hakuna wimbo."

"Ndizi zake za sadaka, nazo mlizitenga?"

"Mimi nimetumwa tu."

"Basi ingia ukae, upumzike huko kutumwa."

Alizitazama nyasi kama vile mna nyoka, akageuka. Bibi akampigia kelele mgongoni: "Umezikataa! Zitakuja kwako!"

Aliyeingia ni Mama Spesioza, Mrundi aliyekuwa kibarua wetu wa kahawa. Akavua kandambili, akajitupa chini puu. "Mimi sina kwetu, sina shamba. Watanitenga na nini?"

Bibi akacheka, msibani! Kisha Mama Spesioza akaanzisha wimbo kwa Kirundi, bibi akaitikia kwa Kinyambo, sisi watoto tukadakia. Tulimwimbia shangazi mpaka kaburi likajaa.

Kabla ya mavuno yaliyofuata, mtoto wa kwanza wa yule mzee akarudi kutoka mjini, amekonda vilevile. Akafa. Nyasi zikatandikwa, na wazee wenzake wa kanisa wakasimamia migombani. Bibi akajitwika mkungu wa ndizi, akaenda, akakaa.

Utotoni nilidhani nyasi zimelipiza kisasi. Leo najua ugonjwa ulikuwa ukipita nyumba hadi nyumba, haumuulizi mtu kama katengwa. Wenye kengele walisikilizwa na kila mtu. Wangeweza kutufundisha kuuguza. Wakakaa kuhukumu maiti! Siku hizi wanagawia yatima mbuzi, wanahimiza watu wanywe dawa. Vizuri, nashukuru. Ila kaburini kwa shangazi hajafika hata mmoja kusema tulikosea.

Shamba lake walijitwalia ndugu wa mume. Kumbe kahawa ya aliyerogwa haikuwaogopesha. Bibi alimwachia Mama Spesioza kipande cha migomba. Kemilembe aliachiwa jembe la mama yake, na mimi niliachiwa Kemilembe, tukakua tunalala kitanda kimoja. Uzee wa kanisa aliurithi mtoto wa pili wa yule mzee. Juzi, kwenye semina pale Kayanga, alisimama akasema kanisa letu lilikuwa mstari wa mbele kuwauguza wagonjwa tangu mwanzo. Watu wakapiga makofi. Kemilembe alikuwa ameketi benchi la nyuma, mikono kaifumbata kwenye khanga.