Vipande Sita vya Muhogo

Katika miaka ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa karani wa kikosi cha kuua nzige. Nilikuwa na kazi mbili: kuandika daftari la kila siku, na kutafsiri. Mtaalamu wetu wa dawa alikuwa Mwingereza asiyejua Kinamwanga, nami ni mtu wa Chapwa niliyesomeshwa misheni. Tulipiga mahema Kamsamba, alikoolewa dada yangu mkubwa.

Siku ya kwanza mtaalamu aliwaita watu waione dawa. Alikuwa na makopo mawili ya unga mweupe na matundu mawili ya nzige hai. Niliuchunguza unga wa kopo moja, kisha wa jingine, nisione tofauti yoyote. Akawanyunyizia nzige wa tundu la kwanza unga wa kopo la kwanza. Waliendelea kurukaruka. Nzige wa tundu la pili, waliopata unga wa kopo la pili, walianza kutetemeka, wakaanguka chali huku miguu ikipiga hewa. Nilishtuka kuliko wanakijiji.

Alipoona uso wangu alichukua muhogo, akakata vipande sita, akaviunga kwa vijiti vikawa pete. Akatengeneza pete ya pili, halafu akachoma mwiba mmoja katika kila kipande. Kila pete ni chembe ya unga wa kopo moja, akasema; vipande ni kaboni, na miiba ni klorini. Katika pete ya kwanza miiba ilipishana: juu, chini, juu, chini, hadi mwisho. Katika ya pili ilikuwa miwili juu, mmoja chini, miwili juu, mmoja chini. Hesabu ilikuwa ileile na hakuna kilichoongezwa. Kwa kuwa kaboni zimeshikana pete, mwiba wa juu hauwezi kuzunguka ukawa wa chini, kwa hiyo kila pete hubaki na umbo lake. Umbo la kwanza halina madhara kwa mdudu. La pili huingia kwenye mishipa ya fahamu na kuivuruga.

"Ya nzige, ya kuku, hata ya mtu," alisema. "Na dawa hii haitoki kwa maji. Hujificha kwenye mafuta. Waambie yote."

Jua lilikuwa kali na watu walikwisha kuanza kuicheka ile mihogo. Niliona nikisema kwamba mwiba ukigeuka upande unaua, nitachekwa hadi Chapwa. Nikawaambia hivi tu: "Unga wa kopo la kwanza hauna nguvu. Wa pili unaua nzige." Daftarini niliandika maelezo yake yote, neno kwa neno.

Siku ya tatu, alfajiri, tulipuliza dawa bondeni. Mchana wake nilikwenda kumsalimia dada, nikamkuta jikoni na chungu cha nzige wa kukaanga, wamenona, wanang'aa kwa mafuta yao wenyewe.

"Karibu, mdogo wangu. Leo hukuja na mihogo yako?"

"Dada, hawa umewatoa wapi?"

"Bondeni. Wamelala wenyewe chini, hata kukimbizana nao hakuna. Tangu niolewe huku sijapata nzige kwa raha hivi."

"Wana dawa hao!"

"Nimewaosha maji matatu. Na si wewe uliyetuambia dawa inaua nzige?" Akacheka, akajipapasa mgongoni. "Nitazame vizuri. Nina mabawa?"

Mara nikasikia kishindo nje, nikatoka. Kuku wake wanne walikuwa wameanguka karibu na vichwa na matumbo ya nzige aliyowatupia asubuhi. Shingo zilikuwa zimepinda nyuma na miguu ikipiga hewa. Nilikwisha kuiona miguu ya namna ile.

Dada alitoka akawaona. Mkono ulioshika mwiko ulikuwa ukitetemeka, nikadhani ni hofu.

"Umekula?"

"Nimeonja," alisema. "Viganja viwili, vitatu." Kisha meno yake yakaumana, akaanguka.

Nilimshika chini, kichwa chake kifuani kwangu. Mwili wake ulikakamaa, ukalegea, ukakakamaa tena. Shemeji alikuwa mbali, malishoni na ng'ombe. Niliita msaada hadi sauti ikakauka. Dada alipofumbua macho, povu likiwa bado mdomoni, hakuuliza amepatwa na nini.

"Tulikuwa wanawake wanne bondeni," alisema kwa taabu. "Usikae hapa kunitazama."

Nilimwachia jirani aliyekuja mbio, nikakimbia. Nyumba ya kwanza walikuwa bado wanawaanika nzige, nikawamwaga. Ya pili walikuwa jikoni. Walinitukana, lakini nao wakamwaga. Nyumba ya tatu sikupiga hodi. Mzee mwenye nyumba, rika la baba yangu, alikuwa amenawa na kumega ugali, na bakuli la nzige lilikuwa mbele yake. Nililinyakua.

Mkono wake ulibaki hewani na tonge lake. "We kijana, una wazimu? Chakula changu, ndani ya nyumba yangu?"

Nikiwa nimelikumbatia lile bakuli, mafuta yakinichuruzika shatini, nilimweleza yote niliyoagizwa kusema siku ya kwanza: pete, miiba, mishipa, mafuta. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakucheka.

"Haya yote uliyajua tangu juzi?" aliuliza.

Nilimjibu ndiyo.