Mbawakawa wa Bonde la Lukwele

Bonifasi Mkude alilinda msitu wa Serikali katika milima ya Uluguru miaka kumi na minane bila kuwajali wadudu, mpaka Mwalimu Ester wa chuo cha kilimo alipopanda kutoka Morogoro mjini. Mama huyo alipiga magoti kwenye matope ya bonde la Lukwele, akageuza gogo lililooza, akamtoa mbawakawa mweusi mwenye mng'ao wa kijani mgongoni.

"Mtazame, Mzee Bonifasi. Mabawa yameshikana, haruki. Anatembea tu chini ya majani yenye unyevu. Nimemtafuta milima yote hii, nimemkuta hapa tu. Kivuli kikiondoka, na yeye basi."

Kuanzia hapo, kila masika Bonifasi aligeuza magogo ya Lukwele, akawatazama mbawakawa, kisha akayarudisha polepole kama anayemfunika mtoto mgonjwa.

Halafu ukaja ukame. Mahindi yalinyauka, watu wakapanga foleni ya unga wa njano wa msaada. Mwaka uliofuata, kaya zilizotawanyika mlimani zilihamishiwa pamoja ukingoni mwa bonde, na kijiji kipya cha ujamaa kikahitaji shamba. Mwenyekiti Maneno akaitisha mkutano: Lukwele ifyekwe.

Bonifasi alisimama. "Ndugu Mwenyekiti, bonde lile linatunza maji yetu. Halafu kuna kiumbe mle, hayupo penginepo..."

Watu waliangua kicheko. Lakini aliyemnyamazisha alikuwa Agnes, dada yake wa tumbo moja, aliyesimama na mtoto mgongoni, miguu ya mtoto imevimba kwa njaa.

"Kaka, huyu ni mpwa wako. Kwa desturi yetu wewe mjomba ndiye unayembeba. Unawalilia wadudu, sisi utatulilia lini?"

Bonifasi akakaa.

Hata hivyo aliteremka mjini kumwona bwana misitu. Akaambiwa bonde liko nje ya mpaka wa msitu, na amri ya mashamba imetoka juu. Alikwenda chuoni; Mwalimu Ester alikuwa amepelekwa masomoni ng'ambo. Akarudi mlimani mikono mitupu.

Siku ya kufyeka, kila kaya ilitoa nguvu kazi, naye akashika shoka kama wengine. Wiki chache baadaye, miti iliyokauka ilipochomwa, mbawakawa walitoka chini ya magogo, wakakimbia huku na huko kwenye ardhi ya moto. Bonifasi alitupa shoka, akaanza kuwaokota, vidole vikiungua, akiwatia kofiani.

"Mzee amechanganyikiwa," mtu mmoja akasema. Hakuna aliyecheka safari hii.

Alipata thelathini na mmoja. Akawaweka ndani ya kapu lenye udongo mbichi, akapanda nao nusu siku hadi msitu wa juu, kwenye baridi na ukungu, akawaachia chini ya gogo kubwa. Wiki mbili baadaye alirudi. Alikuta magamba saba matupu na mstari wa siafu. Wengine hakuwaona tena.

Maharage ya Lukwele mwaka ule yalistawi. Agnes alimletea bakuli, akakaa karibu naye mlangoni.

"Kula, kaka. Mtoto ameanza kutembea."

Bonifasi alikula. Yalikuwa matamu, na utamu ule ndio uliomuumiza, maana hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Masika ya pili mvua iliuchukua udongo wote mweusi, ikauteremsha mtoni, zikabaki kokoto. Chemchemi ikawa tope, kisha ikakauka. Mwenyekiti Maneno akaanza kuwaonyesha watu bonde la jirani.

Bonifasi aliwatangulia kwenye bonde lile. Kwa siku nne aligeuza gogo baada ya gogo, mgongo ukimkatika, akikuta majongoo, minyoo na buibui, mbawakawa hakuna. Siku ya tano alisikia mapanga yakianza kulia upande wa chini. Akainama, akashika gogo lingine.