Mayai ya Kibwenzi kutoka Gasorwe

Kadidja wa Yoba, mjini Gitega, aliwaamini kuku kuliko watu, na sababu alikuwa nayo. Watu walimwahidi mengi siku ya maziko ya mumewe, Twaha, na arobaini ilipopita hawakuonekana tena. Kuku hawakumwahidi kitu, lakini ndio waliomlisha yeye na binti yake Latifa.

Wala hawakuwa kuku wa hivi hivi. Walikuwa vibwenzi, wale wenye kishungi cha manyoya utosini, ambao jogoo wao akitembea utadhani amevaa kofia ya sherehe. Aliwarithi kutoka kwa mama yake, na mama yake naye aliwapata kwa mama yake, na katika vurugu zote zilizowahi kupita Gitega daima alikuwapo mwanamke mmoja wa ukoo aliyekimbia na kuku kwapani. Yoba nzima iliwajua. Mtu akitaka vifaranga vya kuanzia, alielekezwa kwa Kadidja.

Kazi yenyewe ya kutotolesha aliifanya kwa sanduku la mbao alilotengenezewa na shemeji yake Shafii, fundi redio. Lilikuwa na balbu mbili, sahani ya maji ya kuleta unyevu, na taa ya chemli ya kusubiri umeme ukatike, maana umeme wa kwetu hukatika bila kuaga. Mtaani waliliita kuvezi. Mayai yanataka kugeuzwa, na Kadidja aliyageuza kila baada ya swala, mara tano kwa siku, akiyafuata kwa alama ya penseli. Alikuwa akisema kwamba hajawahi kukosa kifaranga kwa ajili ya swala wala kukosa swala kwa ajili ya kifaranga.

Halafu kideri kikaingia Yoba. Kuku anaamka anaharisha kijani, mchana shingo imepinda, jioni amekwisha. Kwa siku tisa Kadidja alifukia kuku thelathini na wanne nyuma ya choo. Alipomfukia jogoo alikaa chini hapo hapo akalia kwa sauti, na jirani yake Salama alipochungulia juu ya ua kuuliza kulikoni, alimwambia aende zake.

Siku ya tatu baada ya kilio hicho ndipo alipomkumbuka Anisia.

Huyu Anisia alikuwa mkulima wa Gasorwe, huko Muyinga. Alizaliwa na kukulia kambini Tanzania, akarudi Burundi na mumewe Nazario wakiwa watu wazima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata watu wa Gitega walimdhania mwalimu. Miaka sita nyuma alimleta mwanawe hospitali ya Gitega bila kumjua mtu hata mmoja mjini. Kadidja, aliyekuwa akiuza uji langoni, alimkuta asubuhi amelala juu ya khanga yenye umande, akamchukua nyumbani. Wiki tatu Anisia alilala kitanda kimoja na Latifa. Mtoto alipopona na siku ya kuondoka ikafika, Kadidja alimfungia jogoo mmoja na mitetea miwili ya kibwenzi. Wema hauozi, ndivyo wasemavyo wenye methali, na huenda hawakuwahi kutotolesha mayai.

Alipompigia simu, Anisia alifurahi mpaka akawa anacheka peke yake.

"Dada, nina mitetea minane sasa. Hao ni kuku wako, mimi nilikuwa nakutunzia tu. Nitakutumia mayai, utotoleshe mwenyewe."

Kadidja alimshukuru, na siku hiyo alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu kideri. Vibwenzi walikuwa bado wanaishi duniani. Kilichobaki ni kuwarudisha nyumbani.

Mayai yalikuja kwa gari la Prosper, dereva wa njia ya Muyinga na Gitega kupitia Karuzi. Mafuta yalikuwa yameadimika, gari likakaa siku tatu kwenye foleni ya kituo kabla ya kuondoka. Hata hivyo yalifika mazima: ishirini na manne, ndani ya ndoo iliyojaa makapi ya maharage, na hakuna hata moja lililopata ufa. Kadidja aliyatoa moja moja, akastaajabu. Hayakuwa na doa wala unyasi. Alichukua simu akatuma ujumbe wa sauti.

"Mdogo yangu, mayai imefika. Iko safi, safi kabisa. Vraiment, mi sijawahi kuona mayai safi namna hii. Aksanti sana, Mungu akubariki."

Aliyapumzisha siku nzima, ncha nyembamba ikiwa chini, ili yatulie baada ya mitikisiko ya barabara, kisha akayaweka katika kuvezi. Siku ya saba alifunga dirisha la jikoni, akajifunika blanketi na kurunzi yake, akayapima. Yai lenye uhai ukilimulika siku hiyo unaona mishipa myembamba myekundu imejitandaza kutoka katikati. Alimulika la kwanza, halikuwa na kitu. La pili vivyo hivyo. Alipofika la ishirini na nne jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, na hakuwa ameona mshipa hata mmoja. Siku ya kumi, moja lilipasuka lenyewe, nyumba ikanuka mpaka Latifa akaenda kulala kwa shangazi yake.

Alilaumu njia. Nani asingelaumu njia? Siku tatu foleni, mashimo ya Karuzi, jua. Akaomba mengine.

Yalikuja kumi na manane, safari hii Prosper ameyaweka kiti cha mbele kama abiria mwenye cheo, na gari halikusimama popote. Yalikuwa safi kuliko ya kwanza. Nayo yakaoza yote.

Sasa hapo ndipo Salama alipopata nafasi yake. Salama alikuwa jirani wa aina ile ambayo kila mtaa unayo, anayekuja kukupa pole na kuondoka na habari. Aliketi kwenye kigoda, akanusa hewa, akatikisa kichwa.

"Ayo mayai wanachemsha, sha. Mtu akitaka kuku ibakie yake peke yake, anapitisha mayai mu maji ya moto kidogo tu. Yai inaonekana nzima, kumbe ndani imekufa. Atakutumia hata mia."

"Anisia hawezi," alisema Kadidja.

"Bon. We ndiye unamjua."

Kadidja alimcheka. Lakini maneno ya namna hiyo hayahitaji kuaminiwa ili yafanye kazi. Adhuhuri aliswali, akainuka, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kuvezi kugeuza mayai ambayo hayapo. Alasiri hivyo hivyo. Kufika magharibi alikuwa na hasira ambayo hakujua imeingilia mlango gani, akashika simu.

"Anisia, mi nilikupa kuku yenye kuishi, we unanitumia mayai yenye kufa. Kama hautaki kunipa, sema hautaki. Usinichemshie mayai."

Jibu lilichelewa siku mbili. "Dada, sijachemsha. Naapa kwa mwanangu. Nitatuma mengine, na haya nitayaangalia vizuri zaidi."

Ya tatu yalikuwa ishirini. Yaling'aa. Kadidja aliyageuza kwa siku saba akiwa na dua mdomoni, akayapima chini ya blanketi, asione mshipa, akatoka pale amejaa maneno. Safari hii alifanya jambo ambalo mama yake angemkatalia hata kulifikiri: alimsimbulia mwenzake kwenye simu. Alimkumbusha uji. Alimkumbusha kitanda cha Latifa, na mtoto aliyeletwa hajiwezi akarudi anatembea. Alisema kama angejua, angempita pale langoni na kwenda kuuza uji wake. Alipomaliza kutuma alijisikia vibaya, kisha akajiambia kwamba mwenye kosa ni yule, na akajisikia vibaya zaidi.

Wiki mbili baadaye, kutoka kwa Anisia, ukaja ujumbe mfupi wa maandishi: kideri kimefika Gasorwe.

Kadidja hakungoja. Asubuhi ya pili yake alipanda gari la Prosper, kikapu magotini. Njia nzima alipanga maneno. Alikuwa anakwenda kuchukua mayai kwa mkono wake, kutoka kiotani, kabla kuku hawajaisha, na alikuwa anakwenda kumtazama Anisia usoni amuulize ukweli. Bila hao kuku, kazi ya mama yake na bibi yake ilikuwa imekomea kwake, na hilo hakuweza kulimeza.

Aliteremka barabarani, akapanda kilima kwa miguu katikati ya kahawa na migomba. Uani hakusikia mlio wa kuku. Manyoya yalikuwa yametapakaa, na kwa mbali Nazario alikuwa akifukia shimo kwa jembe. Kadidja alijua shimo hilo ni la nini. Alizunguka nyuma ya nyumba.

Anisia alikuwa ameinama juu ya mabeseni mawili. Alikuwa amekonda. Alipomwona mgeni alijipangusa mikono haraka, akapiga goti kidogo, akamsalimia kwa heshima zote, kana kwamba maneno yale hayakuwahi kutumwa.

"Karibu, dada. Nisamehe, umenikuta sijamaliza. Wamekufa wote, wa mwisho juzi. Lakini haya waliyataga kabla hawajaugua. Ni kumi na moja, nimekuwekea wewe."

Kadidja alitazama. Beseni moja lilikuwa na povu la sabuni, la pili maji safi, yote yanatoa mvuke kidogo. Juu ya kitambaa cheupe yalilala mayai manane yanayong'aa. Matatu yalikuwa bado kwenye ungo, na kinyesi na vijiti vyake.

"Uko unafanya nini?"

"Ninayaosha." Anisia alishangazwa na swali. "Kama siku zote. Kambini nilikuwa namchotea maji mama mmoja Mwislamu wa Kigoma, naye alinifundisha twahara yenu. Kitu hakiwi safi kwa kufuta tu, hutiwa maji mara tatu. Sasa mayai ya kwenda kwako, nitayatumaje na kinyesi? Nayaosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nasuuza mara tatu. Na wewe mwenyewe ulinisifu, ulisema hujawahi kuona mayai safi hivyo."

Kadidja aliketi juu ya gogo. Alikuwa mtoto wa miaka saba alipochukua kitambaa kibichi kufuta yai, na mama yake akampiga kofi la mkono. Yai lina nguo yake, mama alimwambia. Mungu amelivika nguo nyembamba usiyoiona, ukiliosha umelivua, na kila uchafu utaingia ndani. Jambo hilo alilijua maisha yake yote. Alilijua mno hata hakuwaza kwamba yuko mtu duniani asiyelijua. Aibu ilimpanda, nzito, na nyuma ya aibu ikaja huruma.

"Kuna kosa, dada?" aliuliza Anisia.

Kadidja, aliyetoka Gitega mpaka Gasorwe kutafuta ukweli, alisema uongo.

"Kosa haina, mdogo yangu. Ni barabara tu. Iliyatingisha."

Anisia alishusha pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka. "Afadhali. Nilikuwa silali, nikidhani ni mkono wangu. Basi ngoja nimalizie haya matatu." Akachukua moja kutoka kwenye ungo, akalishusha kuelekea kwenye povu.

"Acha."

"Yana kinyesi, dada."

"Acha na kinyesi yake."

Mkono wa Anisia ulibaki juu ya maji. Hakuwa mjinga, alikuwa mstaarabu tu, na watu huvichanganya hivi viwili. Aliyatazama matatu machafu, akayatazama manane masafi, akamtazama mgeni wake ambaye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni maji?"

"Ni maji."

"Yote yale niliyotuma?"

"Yote."

"Sitini na mawili," alisema Anisia taratibu. "Nilikuwa nawaondoa kuku kiotani wakitaka kuatamia, nikutumie wewe mayai. Majirani waliniomba mbegu nikawanyima. Nilisema mpaka dada apate kwanza."

"Unisamehe."

Anisia alimwaga mabeseni yote mawili kwenye mgomba, akayafunga mayai matatu ndani ya majani makavu, akayaweka kwenye kikapu. Kisha, kwa kuwa mgeni husindikizwa hata nyumba ikiwa na msiba, alikichukua kikapu mwenyewe akatangulia kushuka kilima. Kadidja alimfuata. Njiani aliyahesabu tena moyoni. Matatu tu, na hata hayo hakuna wa kuahidi kwamba mshipa utaonekana, au kwamba akitoka jogoo atatoka na mtetea wa kuzaa naye.

Gari lilipofika, Anisia alisubiri Kadidja akae vizuri, akampakatisha kikapu, akahakikisha kimelala sawa.

"Dada," alisema, bila ukali, "kila uliponitukana mimi nilizidi kuosha."

Prosper akafunga mlango.