Kapteni von Stresen na Ndugu Yake wa Kunyonya

Wedigo von Stresen alizaliwa na jina kubwa katika nyumba iliyovuja. Baba yake alikuwa bwana wa kijiji kimoja cha Pomerania, kijiji cha mchanga, nafaka ya rai na bata bukini. Mama yake hakuwa na maziwa, basi akaitwa Trine Pagel, mke wa mkulima wa shambani mle, aliyekuwa amejifungua juma lilelile. Amri ilikuwa fupi: mtoto wa bwana anyonye kwanza, na Jochim, mtoto wa Trine, apate kitakachobaki.

Pamoja na hayo, aliyerefuka ni Jochim. Urefu huo ndio uliomponza.

Walikua pamoja. Walipoiba matofaa, Jochim alichapwa sehemu yake na sehemu ya bwana mdogo, kwa kuwa msimamizi wa shamba hana ruhusa ya kumgusa mtoto wa kabaila. Wedigo alikuwa akisimama pembeni akilia. Hilo nalo lisemwe: zamani aliweza kulia.

Kabla hajaota ndevu alipelekwa Berlin, shule ya watoto wa maofisa. Huko walimlaza kwenye baridi, wakamchapa kwa kifungo kilicholegea na kwa nywele zisizopakwa unga sawasawa. Akatoka amejifunza somo moja barabara, kwamba asiyepiga atapigwa. Kisha ikaja vita ya Silesia. Alibeba bendera, akachomwa upanga shavuni, akaona wakubwa wake wakianguka mmoja mmoja, na kwa kila aliyeanguka yeye akapanda hatua. Katika jeshi letu ngazi ya vyeo hujengwa kwa makaburi. Vita ilipokwisha akapewa kombania yake mwenyewe.

Kila rejimenti ina vijiji vyake. Mvulana huandikwa angali mdogo, akavishwa tai nyekundu shingoni, ili kila amwonaye ajue ni mali ya nani. Kwa hiyo Kapteni von Stresen aliwaamuru watu walewale waliokuwa wakilima shamba la baba yake. Jochim Pagel, kwa urefu wake, aliwekwa safu ya mbele, mwisho wa kulia, pale anaposimama askari ambaye wenzake wote humtazama. Akiinua bunduki, kombania nzima huinua.

Askari haoi bila kibali cha kapteni wake. Jochim alimtaka Dorte, binti wa mwezeka paa, akaomba, akangoja, akaomba tena.

"Afande, Dorte ana mimba."

"Hongera. Mfalme anahitaji askari."

"Naomba kibali, Afande. Mtoto asije akazaliwa haramu."

"Askari mwenye mke huogopa kufa. Mwaka ujao."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, Afande."

"Na mwaka ujao nitasema tena. Nyuma geuka!"

Jumapili moja mchungaji wa kijijini alimsimamisha Dorte mlangoni pa kanisa na taji la majani makavu kichwani, kama wanavyofanyiwa wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Watoto wakamzomea, watu wazima wakampita wakiangalia viatu vyao. Habari zilipomfikia Jochim akiwa zamu ya lango, aliegemeza bunduki ukutani akaondoka mchana kweupe. Kengele zikalia kijiji hadi kijiji, maana mkulima asiyemzuia mtoro huadhibiwa yeye. Wakamkamata darajani kwa uma za kuvunia nyasi.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa na uzito. Daraja lile liko upande wa kijiji chao. Mpaka wa Poland uko upande mwingine kabisa. Jochim hakuwa anatoroka. Alikuwa anakwenda kumvua Dorte lile taji. Aliyeacha zamu hufungwa na kuchapwa, akapona. Mtoro hupitishwa kati ya safu mbili za askari wenye fito, na wengi hawaponi. Kapteni wake ndiye wa kumweleza kanali yule mtu ni yupi kati ya hao wawili. Neno moja tu.

Trine alikuja kwa kapteni kwa miguu, na paja la bata bukini lililokaushwa kwa moshi ndani ya kitambaa.

"Wedi, mwanangu."

"Niite Bwana Kapteni."

"Bwana Kapteni, mwanangu, sema alikuwa anakuja nyumbani. Si ndiyo kweli yenyewe?"

Kapteni alitazama dirishani. "Ndiyo kweli."

"Basi sema."

"Rudi nyumbani, Trine. Nitasema."

Akambusu mkono, yule mama, mkono wa mtu aliyemnyonyesha.

Kesho yake maofisa walikula mezani kwa Kanali von Grellin. Nafasi ya meja ilikuwa wazi, na aliyeitamani pamoja na Stresen alikuwa Kapteni von Lassehn, mtu wa ulimi mrefu.

"Ati Stresen, kweli ulinyonya ziwa moja na yule mtoro? Ndiyo maana nasikia harufu ya zizi hapa mezani!"

Wakacheka hadi vijana wa chini kabisa.

"Mwacheni," alisema kanali, akikata nyama yake. "Ila mimi, Stresen, sitaki meja mwenye ndugu zizini. Huyo mtu wako alikamatwa akielekea wapi?"

Stresen alifuta mdomo taratibu.

"Mpakani, Afande. Ni mtoro. Na mimi sina ndugu katika safu za askari."

"Kwa kawaida tungeigawa adhabu siku mbili."

"Aimalize siku moja, Afande. Isije ikasemwa nampendelea."

Lassehn akaacha kucheka.

Safu mbili zilipangwa uwanjani, fito za mierebi zimelowekwa kwenye maji ya chumvi. Jochim alivuliwa hadi kiunoni. Mbele yake sajini alitembea kinyumenyume, ncha ya mkuki kifuani pake, asije akakimbia. Ngoma zilipigwa kwa nguvu ili kilio kisisikike. Waliopiga walikuwa watu wa vijiji vyake. Hinrich, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa safu ya kushoto.

Hinrich aligusa tu. Kapteni, aliyekuwa akitembea nyuma ya safu, alimshushia bakora mgongoni.

"Piga kama askari, si kama shangazi!"

Jochim, aliyepitishwa huku na huko, alipofika tena pale alinong'ona, "Piga, mdogo wangu. Wasikuumize bure."

Hinrich akapiga.

Alipoanguka hawakuacha. Walimlaza juu ya majani makavu, na sasa zikawa safu ndizo zinazompita yeye. Akafa kwa homa kabla juma halijaisha, akafukiwa nje ya ukuta wa makaburi bila kengele.

Tunaambiwa hii ndiyo nidhamu iliyoifanya nchi yetu iogopwe. Inaogopwa, kweli. Wa kwanza kuiogopa ni mama zetu.

Stresen akawa meja, na kombania ikabaki yake. Lakini gwaride la majira ya kuchipua lilikuwa karibu na pembe ya kulia ya kombania ilikuwa tupu. Aliyebaki mrefu kuliko wote ni Hinrich. Akavishwa koti la kaka yake, kwa kuwa koti ni mali ya kombania na lilikuwa bado zima.

Siku ya gwaride Trine alikuja mjini kuuliza mwanawe alizikwa wapi. Hakuna aliyethubutu kumwonyesha. Akasukumwa na umati hadi ukingoni mwa uwanja, akaliona lile koti mwisho wa kulia, urefu uleule, mabega yaleyale, akadhani ni Jochim, mpaka alipoutambua uso.

"Safu iliyonyooka kabisa, Meja," alisema kanali.

"Asante, Afande."

Meja von Stresen akatoa amri. Hinrich akainua bunduki, na kombania nzima ikainua. Mama yake alikuwa karibu kiasi cha kusikika. Hakumwita, maana askari akigeuza kichwa safuni hupigwa.