Uso wa Baba Chini ya Pama

Ninapiga picha za harusi mjini Tabora, na kama kuna kitu kinaniudhi katika kazi hii ni kofia. Baba yangu, mrina asali wa Sikonge, hakuivua pama yake kwa ajili ya mtu yeyote ila mchungaji, tena mchungaji mwenyewe awe ameshafika madhabahuni.

Picha yake ya mwisho niliipiga uani kwake saa sita mchana, jua la utosi. Nilimwomba aivue. Badala yake akaishusha zaidi.

"Piga hivyo hivyo, mwanangu. Gari litakuacha."

Nikapiga moja tu, kwa hasira. Nilijiambia anachokidharau ni kamera, maana miaka yote alitaka nirithi mizinga yake, nami nikaenda kuhangaika na maharusi. Nikapokea kidumu cha asali alichonipa, nikaondoka bila kuaga vizuri. Hasira hasara. Sikumwona tena akiwa hai.

Mwezi uliopita dada yangu aliyeolewa Ziba aliomba picha ya baba ya kutundika sebuleni. Sikuwa nimeifungua tangu tumzike. Shati jeupe liliwaka kama bati jipya, na chini ya pama hapakuwa na uso, ni weusi mtupu. Nilimkumbuka sana. Ningetoa kamera zote nilizonazo ili anikatalie tena.

Bahati nzuri huwa napiga picha mbichi, zile ambazo kamera haijazipika, kwa hiyo mengi yaliyomezwa na mwanga au giza bado yamo ndani. Nilianza na shati. Nikapunguza mwanga mkali kidogo kidogo kwenye kompyuta hadi mishono ya mfuko ikarudi, na kiraka alichoshona mama. Kisha nikainua vivuli. Kikaja kidevu, zikaja mvi za mashavuni. Chenga, vile vidoa vya gizani, zikajaa, nikazituliza, nikainua tena.

Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, limevimba kama andazi.

Nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamuuliza jicho la baba lilikuwa na nini siku ile.

"Nyuki," alisema. "Alikwenda mzingani alfajiri, wewe umelala. Alisema huwezi kurudi mjini mikono mitupu. Akanikataza nisikwambie, eti utasema amezeeka, mizinga imemshinda."

Nilirudi kwenye picha. Jicho lililo zima, la kulia, lilikuwa linanitazama, na mdomo umebana kicheko.

Dada alipoipokea aliuliza kama siwezi kulirekebisha lile jicho. Naweza sana, kila wiki nafuta chunusi za maharusi. Nilimwambia haiwezekani.

Asali ile niliila na mkate mwezi mzima, na hata simu ya kumwambia imefika salama sikumpigia.