Baiskeli Ngumu ya Mwalimu

Mwezi uliopita niliingia duka moja la baiskeli hapa Kitengela, na kijana wa duka akanivuta moja kwa moja mpaka kwa zile zinazong'aa. Akaubonyeza usukani wa moja kwa viganja viwili. Upande wa mbele ukadidimia, kisha ukainuka polepole kama ng'ombe aliyemaliza kunywa maji.

"Sista, hii inameza mashimo yote," akasema. "Hata hutasikia kitu."

Nikamwambia ndiyo maana siitaki. Nikamwonyesha nyingine iliyokuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya baiskeli za watoto, fremu ya chuma, uma wa mbele umenyooka kama fito, hakuna springi mbele wala nyuma. Kijana akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. Nilijua anawaza nini: huyu mama ana njama gani? Wewe unanifahamu, rafiki yangu. Mtu akiniahidi kwamba sitasikia kitu, mkono wangu unakwenda wenyewe kuilinda pochi.

Nililelewa hivyo. Shosho wangu, mama yake baba, alikuwa mtu wa kushuku. Mwenye maziwa alipofika mlangoni, Shosho hakumwitikia salamu kabla ya kudondosha tone la maziwa kwenye ukucha wa kidole gumba na kulitazama kama litakimbia. Mandazi ya dukani aliyapasua kwanza katikati. Mhubiri mgeni alipokuja kanisani, Shosho aliomba macho yakiwa wazi. "Mungu anaona mbali," alikuwa akisema, "lakini karibu lazima utazame mwenyewe."

Na alikuwa na sababu. Alikuwa ameuza kishamba chake cha kahawa huko milimani ili anunue hapa tambarare, wakati Kitengela bado ni upepo, mabati na nyumbu waliokuja kula nyasi asubuhi karibu kabisa na waya wetu. Huku ploti moja ilikuwa inauzwa kwa watu wawili, na wakati hao wawili wanagombana, wa tatu anafika na fundi na lori la mchanga. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya uji, Shosho alizunguka shamba letu akiyagusa mawe ya mpaka, kila pembe, kwa mkono, kama mtu anayewaamsha watoto. Mimi nilimfuata nyuma na kijiti changu, udongo mweusi ukinishika kwenye ndala mpaka nikawa mrefu.

Ndipo akaja mwalimu.

Alihamishiwa shule yetu ya msingi, akapanga chumba cha mabati ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, na mizigo yake ilikuwa michache, lakini juu ya ile pikapu iliyomleta kulikuwa na baiskeli. Haikuwa ile nyeusi ndefu ambayo wauza mkate walikuwa nayo. Ilikuwa ya milimani, fupi, ya kijani kibichi iliyochubuka, tairi nene zenye meno, na ngumu kama jembe. Fundi wa baiskeli pale senta aliigonga na spana, akacheka. "Mwalimu, hii itakumaliza mgongo. Leta nikutafutie ya springi." Mwalimu akakataa kwa heshima.

Kila Jumamosi, baada ya chai, alitoka nayo kuelekea mbugani, upande wa Kajiado. Alirudi alasiri, nyusi zimejaa vumbi. Hakuwa na kuni. Hakuwa na maziwa wala mboga. Hilo ndilo lililomsumbua Shosho kama mfupa wa samaki kooni.

"Anayetoka bila kikapu na kurudi bila kikapu," alisema akichambua maharagwe ya githeri, "kuna kitu amebeba kichwani."

Nami nikaanza kumwogopa mwalimu. Alipokuwa akisahihisha madaftari yangu, nilitazama mikono yake, iliyokuwa na sugu kwenye viganja, nikajiuliza inachimba nini.

Kisha asubuhi moja, kwenye pembe ya chini, mkono wa Shosho ulishuka kuligusa jiwe ukakuta udongo. Alipapasa hapa, akapapasa pale. Halafu akaketi chini, na gauni lake safi, kwenye umande. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi chini bila gunia.

Jirani yetu wa upande ule alifika upesi. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito kwenye kwaya, mtu aliyetupa maji tangi letu lilipokauka. Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mama, mimi sipendi kusingizia mtu," akasema. "Lakini jiulize tu. Ni nani anazunguka hapa kila wiki akiangalia chini?"

Mwalimu alikuwa kweli anaangalia chini. Kila mtu alikuwa amemwona akipita na ile baiskeli, macho ardhini, kama mtu aliyeangusha sindano.

Shosho akainuka, akakung'uta gauni. Jumamosi iliyofuata alinishika mkono tukavuka barabara. "Mwalimu, huyu mtoto ananisumbua, anataka kujua baiskeli. Si utembee naye kidogo?" Mimi sikuwa nimesumbua mtu yeyote. Mwalimu alipoingia kuchukua chupa ya chai, Shosho aliniinamia sikioni. "Angalia anasimama wapi. Angalia anaongea na nani. Na usikule kitu chake chochote."

Nilikaa nyuma, kwenye karia, juu ya gunia lililokunjwa. Tulipoiacha barabara ya changarawe, meno yangu yalianza kugongana. Kila kokoto ilipanda kwenye chuma, ikaja kwenye makalio, ikaishia utosini. Nikafikiri hii ndiyo adhabu ya wapelelezi.

"Mwalimu, mbona hukununua ya springi?"

"Hiyo inakubembeleza mpaka dakika ya kukuangusha," akasema bila kugeuka. "Hii inakwambia mapema. Ndiyo maana naangalia mbele ya tairi, nachagua pa kupita."

Tukaingia kwenye njia za ng'ombe, na hapo mambo yakabadilika. Ardhi ilikuwa imepigwa na kwato miaka na miaka hadi ikawa laini kama jiwe la kusagia, na baiskeli ikanyamaza. Nikasikia upepo ukipiga filimbi kwenye vinundu vya migunga. Nikasikia kengele ya ng'ombe kabla ya kumwona ng'ombe. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa na punda wa maji alitusalimu, "Takwenya!" na mwalimu akaitikia, "Iko!" bila kupunguza mwendo. Nikaweka akilini: ameongea na mtu mmoja.

Tulisimama kwenye kilima kidogo cha mawe. Ukitazama huko uliona tambarare yote, punda milia wamesimama kama vibanda, na mbali sana vumbi la malori ya simiti. Mwalimu akaketi. Akamimina chai, akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa. Nikavitazama tumbo likinguruma. Nikasema nimeshiba.

Alinitazama kwa muda. "Umetumwa, sivyo?"

Nikaanza kuchora mchangani kwa kidole.

"Haya. Mwambie Shosho huku kuna upepo, na ni mzuri."

Basi akashusha kiti, akanipandisha mimi. Niliushika usukani kwa nguvu zangu zote. "Legeza mikono," akasema, akikimbia kando yangu. "Ukiishika kama mwizi, itakupiga kama mwizi." Nikalegeza. Nikasimama kwenye pedali kama nilivyomwona yeye akifanya, magoti yamekunjwa kidogo, na ghafla baiskeli ikawa inaruka chini yangu bila kunirusha mimi. Kila kitu cha ardhi ile kilikuja viganjani: mchanga, ufa, mzizi, tena mchanga. Ilikuwa kama kusoma kwa vidole. Nilicheka kwa sauti, kisha nikajikumbusha kwamba niko kazini.

Tukirudi, karibu na nyumbani, njia ilipita kando ya pembe yetu ya chini. Mwalimu alikata usukani kwa ghafla, mguu wake ukagusa chini. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akatazama ua ambao jirani alikuwa ameusimamisha upya siku zile.

"Hapa hapakuwa na kona," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. Tukaendelea.

Shosho alinihoji jikoni hadi sufuria ikaungua. Anaenda wapi? Kilimani. Anafanya nini? Anakunywa chai. Halafu? Anarudi. "Halafu?" Basi, Shosho. "Hakuna basi!" Alinigeuza kama anavyogeuza nguo akitafuta chawa kwenye mishono. Mwishowe, kwa kuchoka, nikamwambia lile neno la kona. Akaacha kuuliza. Akachukua leso yake, akatoka kwenda pembe ya chini, akasimama huko mpaka jua likazama.

Jumamosi iliyofuata mwalimu hakufika mbugani. Jirani na vijana wake watatu walimzuia barabarani, wakamnyang'anya baiskeli, na mmoja akairukia gurudumu la mbele kwa viatu vya mvua hadi likapinda kama sahani ya bati. Walipomleta mbele ya mzee wa mtaa, uwanjani kando ya kioski cha maji, ploti zote zilikuwa zimekusanyika. Mitungi iliachwa ikifurika.

"Mwanamke mzima," jirani akasema kwa ile sauti ya kwaya, "hana mifugo, hana shamba, anazunguka mbugani. Anapimia madalali. Jiwe la mama huyu limeng'olewa na nani?"

"Mwalimu, wewe unatafuta nini huko?" mzee wa mtaa akauliza.

"Sitafuti kitu. Naendesha kwa sababu napenda."

Watu waliguna. Hata mimi, niliyekuwa nimepanda ile baiskeli, nilisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa jepesi. Mtu fulani nyuma akapiga kelele kwamba afukuzwe kabla mawe mengine hayajaenda. Mwalimu akaliinamia gurudumu lake lililopinda. Nikamshika Shosho leso.

Shosho akasogea mbele. "Mimi nilimshuku huyu kabla yenu wote," akasema. "Lakini mimi nilituma macho yangu. Nyinyi mmetuma viatu." Akamgeukia mwalimu. "Sema ile maneno ya kona."

Mwalimu akasema. Kwamba njia ile huipita kila wiki, na baiskeli hii haimruhusu kusahau njia. Kwamba juzi juzi tu alikuwa akipita pale moja kwa moja, na sasa lazima akate kona kuzunguka ua wa jirani.

Jirani alicheka. Lakini mzee mmoja wa Kimaasai, yule aliyewauzia nusu ya watu wale mashamba yao, alijiinua kwa fimbo yake. "Njia ya ng'ombe haikunjiki bure," akasema. "Twende tuone."

Tukaenda wote, kama watu wa mazishi. Mzee alisimama pale njia ilipojikunja, akanyoosha fimbo kufuata ilikokuwa ikipita zamani. Fimbo ilielekea ndani ya ua mpya, kwenye lundo la mabua ya mahindi. Vijana wa jirani hawakusogea. Shosho mwenyewe ndiye aliyeondoa mabua, akachimbua kwa panga. Chini yake kulikuwa na tako la simiti, jiwe letu la mpaka limevunjwa juu, mguu bado umo ardhini.

"Ni ng'ombe waliliangusha," jirani akasema.

Ng'ombe hawafuniki kwa mabua.

Ua ulirudishwa upande wake wa mpaka kabla ya Jumapili. Jirani aliendelea kuimba kwenye kwaya, na Shosho akahamia benchi la mbele, mahali pa kumwona vizuri. Gurudumu lilinyooshwa na fundi, ingawa tangu hapo lilipepesuka kidogo likizunguka. Shosho alivuka barabara na kuku jike mikononi. Nilikuwepo. Hakuomba msamaha, lile neno halikuwa nyumbani kwetu. "Nilikushuku," alimwambia mwalimu, "na kesho ningekushuku tena. Lakini nilitazama."

"Nakuamini, Shosho," mwalimu akasema, akampokea yule kuku.

Muhula ulipoisha aliomba uhamisho. Alikuwa amechoka, alituambia, kuulizwa na watoto darasani kama bado anapima mashamba. Alikwenda upande wa Loitokitok, na baiskeli ikafungwa juu ya gari kwa kamba za mpira. Nilitazama mpaka vumbi likatua. Sikumwona tena, wala sijui kama kule walimwacha aendeshe kwa amani.

Shosho tulimzika kwenye shamba lile lile, ndani ya mawe yake. Sasa ukifika utaona kuta za mawe kila upande, malango meusi, mbwa wa kukodi. Nyumbu hawaji. Njia ya ng'ombe imewekwa matofali ya kabro, na mwisho wake kuna ukuta. Naamka alfajiri, natoka na baiskeli yangu ngumu, ile ya dukani, natafuta kipande chochote cha ardhi ambacho bado kinasema kitu, na kila Jumamosi kipande hicho kimesogea mbali zaidi kuelekea Kajiado.

Juzi niliporudi, nilikunywa chai nikisoma kwenye simu kundi la WhatsApp la majirani wa mtaa wetu. Kulikuwa na picha iliyopigwa na kamera ya lango la mtu. Mwanamke kwenye baiskeli, kwa nyuma, kichwa kimeinama: mimi. Chini yake wameandika: *Huyu anapita hapa kila wiki akiangalia chini. Tuwe macho.* Watu walikuwa wameshajibu kwa wingi. Mmoja alisema amewahi kumwona. Mwingine akasema wezi siku hizi wanatuma wanawake kwanza.

Sikuandika kitu. Nilikwenda nikafungua lango langu wazi, nikaegemeza baiskeli pale pale mahali mtu yeyote angeiona, nikaongeza maji kwenye sufuria ya chai. Nikaketi nikingoja hata mmoja wao atoke nje aje kutazama mwenyewe.

Chai ilipoa. Simu iliendelea kulia.